Jinsi ya Kukadiria Ajira na Mahitaji ya Nyumba Dodoma kwa Miaka Mitano: Mwongozo Kamili

Wengi wanaotaka kujenga nyumba za kupangisha Dodoma, au kununua viwanja kwa ajili ya kuuza baadaye, huanza na hesabu moja tu: mji unakua, kwa hiyo nyumba zitajaa. Baadaye nyumba nzima ya vyumba vitatu inakaa miezi minne bila mpangaji, huku vyumba masta vya jirani (vyenye choo na bafu ndani) vikigombaniwa. Mji ulikua kweli. Kilichokosewa ni hesabu.

Mwongozo huu unafuata njia moja: ajira kwanza, halafu kaya, halafu nyumba, halafu kodi. Ukiruka hatua moja, makosa yake utayabeba mpaka mwisho. Tarakimu tulizozitaja kuwa za sensa ni za kweli. Zile zinazoanza na "tuseme" ni za mfano, na utaziondoa uweke za kwako.

## Utakachohitaji

- Kompyuta yenye Excel au programu kama hiyo. Daftari na kikokotoo vinatosha kwa mtaa mmoja, si kwa jiji.
- Majedwali ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2012 na 2022 hadi ngazi ya kata, kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS). Chukua idadi ya watu, idadi ya kaya na ukubwa wa kaya.
- Utafiti wa Nguvukazi wa 2020/21, pia wa NBS, kwa mgawanyo wa ajira kwa sekta.
- Ripoti za Benki Kuu za hali ya uchumi kwa kanda.
- Vitabu vya bajeti ya serikali vya mwaka huu na wa jana.
- Idadi ya vibali vya ujenzi kutoka Halmashauri ya Jiji, na maunganisho mapya ya umeme na maji kutoka TANESCO na DUWASA. Omba kwa barua, na taja kata na miaka unayoitaka. Barua inayoomba "takwimu zote" haijibiwi.
- Google Earth kwenye kompyuta, ile yenye picha za miaka ya nyuma.
- Siku kumi za kutembea mitaani, pamoja na barua ya utambulisho kwa wenyeviti wa mitaa.

## Hatua ya 1: Chora mpaka wa soko

Mpaka wa soko la nyumba haufuati mpaka wa mkoa. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 3,085,625 katika sensa ya 2022, lakini Jiji la Dodoma lilikuwa na 765,179, yaani robo tu. Mkulima wa Kondoa au Mpwapwa hapangi chumba Kisasa. Ukitumia takwimu za mkoa mzima, unakadiria soko ambalo halipo.

Tumia kipimo cha usafiri: mtu anaweza kutoka nyumbani kufika kazini kwa daladala moja au mbili, ndani ya saa moja, kila siku? Mji wa Serikali wa Mtumba uko kilomita kama 17 kutoka katikati ya jiji kwenye barabara ya Dar es Salaam. Mfanyakazi wake anaweza kuishi Ihumwa, Nzuguni, Kisasa au Iyumbu. Anaweza pia kuishi Chamwino, ambayo ni wilaya nyingine kabisa. Kwa hiyo mpaka wako uchukue kata zote za jiji pamoja na kata za Chamwino zilizo kwenye barabara hiyo. Kibaigwa, iliyo mbali zaidi kwenye barabara hiyo hiyo, iache nje.

Ukimaliza uwe na orodha ya kata kwa majina, na kwa kila kata idadi ya kaya ya 2022. Kama kata iligawanywa kati ya sensa mbili, ziunganishe tena kabla ya kulinganisha, la sivyo utaona kata "imepungua" watu wakati imemegwa tu.

## Hatua ya 2: Tenganisha ukuaji wa kawaida na mruko wa mara moja

Hapa ndipo makadirio mengi ya Dodoma yanapoharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Manispaa ya Dodoma ilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012. Mwaka 2022, ikiwa jiji, ilikuwa na 765,179. Hiyo ni kasi ya asilimia 6.4 kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikua kwa asilimia 3.2. Mtu anachukua 6.4, anaisogeza hadi 2032, anapata watu karibu 1,425,000. Akitumia kasi ya taifa angepata karibu 1,052,000. Tofauti ni watu 373,000. Ukigawa kwa watu 4.3, ambao ndio wastani wa kaya kitaifa, ni kaya zipatazo 87,000. Hakuna hesabu ya nyumba inayoweza kuvumilia kosa la ukubwa huo.

Ndani ya miaka ile kumi kulitokea jambo lisilojirudia kila mwaka. Julai 2016 serikali ilitangaza kuhamia Dodoma, wizara zikaanza kuhama, na Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Wizara ikishahama imehama, haihami tena mwaka unaofuata. Huo ni mruko wa mara moja, na mruko hauna kasi ya mwaka.

Kinachoendelea baada ya mruko ni vitu vitatu, na kila kimoja kinakadiriwa peke yake: kuzaliana na kukua kwa vijana waliopo, ajira mpya halisi, na ajira za huduma zinazofuata nyuma ya hizo. Andika safu tatu kwenye jedwali lako sasa hivi. Kasi ya 6.4 iweke kama dari, yaani kiwango ambacho makadirio yako hayapaswi kukivuka bila sababu unayoweza kuitaja kwa jina.

Muda wa makadirio uwe miaka mitano, usizidi. Na hesabu kwa mwaka wa fedha, Julai hadi Juni, kwa sababu ajira na uhamisho wa serikali hufuata bajeti inayoanza tarehe 1 Julai.

## Hatua ya 3: Gawa ajira mafungu mawili

Fungu la kwanza ni ajira za msingi: zile zinazolipwa na fedha inayotoka nje ya jiji. Kwa Dodoma ni wizara na taasisi za serikali kuu, Bunge, vyuo vinavyovuta wanafunzi kutoka mikoa mingine (Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilichoanzishwa 2007, Mtakatifu Yohana, Chuo cha Mipango, Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE), Hospitali ya Benjamin Mkapa kwa wagonjwa wanaotoka mbali, reli, na zabibu na mvinyo unaouzwa nje ya mkoa.

Fungu la pili ni ajira za huduma: zinazoishi kwa fedha inayozunguka mjini. Fremu za maduka, bodaboda, saluni, mama lishe, mafundi, shule za kata, zahanati.

Tunazigawa kwa sababu saluni haileti watu mjini. Saluni inafuata watu. Ukizijumlisha pamoja na kuzikuza kwa kasi moja, utadhani fremu mpya 200 za Nkuhungu ni dalili ya ukuaji, kumbe huenda ni wafanyabiashara wale wale wakigawana wateja wale wale.

Baadhi ya sekta zina sehemu mbili. Kwa hizo tumia uwiano: chukua asilimia ya ajira za sekta hiyo mjini, gawa kwa asilimia ya sekta hiyo hiyo kitaifa. Tuseme elimu ni asilimia 9 ya ajira za jiji na asilimia 3 kitaifa. Uwiano ni 3. Maana yake theluthi moja inahudumia wenyeji, na theluthi mbili ni ya msingi. Ukipata chini ya 1, sekta nzima iweke kwenye huduma.

Angalizo. Usitegemee orodha za mifuko ya hifadhi ya jamii peke yake. Zinawaona wenye ajira rasmi, na sehemu kubwa ya mji hufanya kazi nje ya hapo. Zitumie kwa fungu la kwanza tu.

Angalizo la pili, kubwa zaidi. Ajira za ujenzi wa miradi mikubwa, kama uwanja wa ndege wa Msalato na barabara za mzunguko, ziwe na safu yake yenye tarehe ya kwisha. Vibarua na mafundi wa mradi hupanga vyumba karibu na saiti, kodi ya eneo inapanda, watu wanajenga haraka. Mradi ukikabidhiwa wanaondoka na vyumba vinabaki. Ajira hizi zisizidishwe kwenye Hatua ya 5 wala zisihesabiwe kwenye nyumba za kudumu.

## Hatua ya 4: Pima kila ajira inayotangazwa

Orodhesha kila mradi na kila taasisi inayotarajiwa kuajiri ndani ya miaka mitano. Mbele ya kila mstari jibu maswali matatu: fedha imo kwenye bajeti ya mwaka huu? Mkandarasi yuko saiti, au ikama (idadi ya watumishi wanaotakiwa) imeidhinishwa? Watu wameanza kuripoti kazini?

Kisha upe kila mstari uzito wa kuanzia, yaani nafasi ya ajira hizo kutimia:

- Watu wanaripoti au jengo linakamilishwa: 0.9
- Mkataba umesainiwa na kazi imeanza: 0.7
- Fedha imo kwenye bajeti, hakuna mkataba: 0.4
- Tamko la jukwaani au kwenye vyombo vya habari: 0.1

Zidisha idadi ya ajira kwa uzito. Mradi wa ajira 1,000 uliotangazwa tu unaingia kwenye hesabu kama ajira 100. Watu hupenda kuweka 1,000 yote kwa sababu habari ilitoka gazetini, na hapo hapo makadirio yanavimba. Ukilinganisha vitabu vya bajeti vya miaka miwili utaona miradi inayorudi kila mwaka bila kuanza. Ikirudi mara mbili, shusha uzito nusu.

Kisha toa waliokwisha kuwepo. Mtumishi anayehamishwa kutoka ofisi ya mjini kwenda jengo jipya Mtumba si ajira mpya. Amebadili njia ya daladala tu.

## Hatua ya 5: Zidisha kwa uangalifu

Kila ajira ya msingi hubeba nyuma yake sehemu ya ajira ya huduma. Kizidishi kinapatikana hivi: chukua ongezeko la ajira zote kati ya vipindi viwili, gawa kwa ongezeko la ajira za msingi katika vipindi hivyo hivyo. Tumia ongezeko, usitumie jumla, kwa sababu jumla imebeba ajira za zamani za kilimo cha kando ya mji ambazo hazina uhusiano na watumishi wapya.

Mji kama huu kwa kawaida utaangukia kati ya 1.5 na 2.5. Ukipata zaidi ya 3, rudi Hatua ya 3. Kuna ajira za msingi ulizozisahau ukaziweka kwenye huduma.

Tuseme baada ya uzito una ajira mpya za msingi 6,000 kwa miaka mitano, na kizidishi 1.8. Jumla ni ajira 10,800. Usiziweke zote mwaka mmoja. Huduma huchelewa mwaka mmoja hadi miwili nyuma ya ajira za msingi, kwani duka hufunguliwa baada ya wateja kuonekana.

## Hatua ya 6: Geuza ajira kuwa kaya

Ajira 10,800 hazina maana ya nyumba 10,800. Kuna makato na kuna nyongeza.

Toa kwanza ajira zitakazochukuliwa na watu wanaoishi tayari mjini: vijana wanaomaliza masomo, wasio na kazi, wanaobadili kazi. Tuseme ni asilimia 35. Zinabaki 7,020 za wanaohamia. Gawa kwa wastani wa wafanyakazi kwa kila kaya, tuseme 1.3. Unapata kaya 5,400 zinazoingia.

Sasa ongeza kaya zinazozaliwa humo humo mjini. Ukigawa 765,179 kwa 4.3 unapata kaya kama 178,000. Wewe tumia idadi halisi ya kaya za kata zako. Tuseme kwa mwaka asilimia 2 huongezeka kwa vijana kuoa, kuolewa au kuhama kwa wazazi. Ni 3,560 kwa mwaka, 17,800 kwa miaka mitano.

Tazama uwiano huo vizuri. Kaya za wenyeji ni zaidi ya mara tatu ya kaya zinazoletwa na ajira mpya. Gumzo lote la mjini ni la watumishi wanaokuja, lakini sehemu kubwa ya mahitaji inatoka kwa kijana wa Chang'ombe anayetafuta chumba chake cha kwanza. Anayejenga bila kumwona kijana huyo anajenga kwa ajili ya sehemu ndogo ya soko.

Jumla sasa ni kaya 23,200. Ongeza nyumba zinazotoka sokoni, zile zinazobomolewa kupisha barabara au kugeuzwa ofisi na nyumba za wageni kama inavyotokea Area C na Area D. Tuseme 500 kwa mwaka, 2,500 kwa miaka mitano. Ongeza asilimia 4 ya nafasi tupu za kawaida, kwa sababu soko haliwezi kujaa kabisa. Mpangaji anayetoka na anayeingia wanahitaji pengo. Unafika makazi 26,700 hivi kwa miaka mitano.

Wanafunzi uwahesabu kwa vitanda, kwenye jedwali la pembeni.

Kaya zilizogawanyika. Dodoma kuna watumishi wengi ambao familia imebaki Dar es Salaam kwa sababu ya shule za watoto au nyumba waliyojenga huko. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, safari ikawa ya saa tatu na nusu hivi. Mtu anaweza kufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa Mtumba na kulala Jumamosi Dar. Mtu huyo hahitaji nyumba nzima. Anahitaji chumba masta safi, chenye maji na usalama. Katika mahojiano yako uliza kila mtumishi mpangaji: familia iko wapi? Asilimia utakayopata iondoe kwenye nyumba nzima uipeleke kwenye chumba masta.

## Hatua ya 7: Gawa mahitaji kwa uwezo wa kulipa

Tumia madaraja manne ambayo wapangaji na madalali wenyewe wanayataja: chumba kimoja, chumba masta au chumba na sebule, nyumba nzima ya kawaida, nyumba ya hadhi yenye uzio na maegesho.

Kanuni ya kuanzia ni kodi isiyozidi asilimia 30 ya kipato cha kaya. Kwa Tanzania kanuni hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu kodi hulipwa miezi mitatu, sita, hata kumi na miwili kwa mkupuo. Tuseme kaya ina kipato cha shilingi 600,000. Asilimia 30 ni 180,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akidai miezi sita, inatakiwa 1,080,000 mkononi siku moja, na ya dalali juu yake, ambayo mara nyingi ni kodi ya mwezi mmoja. Kaya inayomudu mwezi kwa mwezi haimudu mkupuo, inashuka daraja moja chini. Pima vyote viwili, uchukue kilicho kidogo zaidi.

Usikopi hesabu za Marekani zinazoanza na riba ya mkopo wa nyumba. Kwetu mikopo hiyo bado ni michache sana na riba yake ni kubwa. Watu hujenga kidogo kidogo kwa akiba, mikopo ya mishahara na fedha za vikoba. Kinachosukuma soko ni mshahara kupanda, malimbikizo kulipwa, na bei ya saruji, nondo na bati.

Tuseme mgawanyo wako wa makazi 26,700 ni huu: chumba kimoja asilimia 40 (10,680), chumba masta au chumba na sebule asilimia 30 (8,010), nyumba nzima asilimia 25 (6,675), hadhi asilimia 5 (1,335).

## Hatua ya 8: Hesabu kinachojengwa, na anza na mapagala

Vibali vya ujenzi vinakuambia nani ana nia. Havikuambii nani atamaliza, na wapo wengi wanaojenga bila kibali. Kwa hiyo lazima utembee.

Chagua mitaa kumi ya aina tofauti: ya katikati, inayojaa sasa kama Nzuguni na Iyumbu, na ya pembezoni kama Nala. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha chukua barabara tatu katika kila mtaa na uhesabu kila pagala, yaani jengo ambalo halijakamilika wala kukaliwa, kwa hatua yake:

- Msingi tu, au tofali zimeanza kupanda: uzito 0.1
- Boma limefika lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha): 0.3
- Limeezekwa bati, halina madirisha: 0.6
- Lina madirisha, milango na nyaya za umeme: 0.9

Uzito huu ni nafasi ya jengo kukaliwa ndani ya muda wa makadirio. Rudi barabara zile zile baada ya miezi sita, uone mangapi yamepanda hatua, na urekebishe. Angalia kwa makini boma: lenye majani yameota ndani na tofali zimeanza kuwa nyeusi limesimama zaidi ya msimu mmoja wa mvua, lipe nusu ya uzito. Lenye rundo la mchanga mbichi na turubai la kufunika saruji lipe uzito kamili.

Ukitoka mitaani, fungua Google Earth uhesabu mabati mapya katika eneo lile lile kwa picha za miaka mitatu tofauti. Linganisha na maunganisho ya umeme. Vyanzo viwili vikikubaliana ndani ya asilimia 15, endelea. Visipokubaliana, amini umeme, kwa sababu hakuna anayelipia kuunganishwa nyumba asiyotaka ikaliwe.

Ongeza miradi ya taasisi: Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) Iyumbu, Watumishi Housing Njedengwa, Wakala wa Majengo (TBA) Nzuguni. Ingiza nyumba ambazo bado hazijakabidhiwa tu.

Kosa linaloharibu hatua hii yote: kulinganisha kaya na majengo. Nyumba moja ya vyumba sita yenye ukumbi katikati inaweza kubeba kaya sita. Kwa kila jengo andika litabeba kaya ngapi. Idadi ya milango ya nje, vyoo na mita za LUKU itakusaidia. Vilevile, mwenye kujijengea aishi mwenyewe muweke pande zote mbili za hesabu, au muondoe pande zote mbili.

## Hatua ya 9: Pima kodi halisi

Bei ya dalali ni bei ya kuombea. Tafuta mpangaji aliyeingia ndani ya siku 90 zilizopita, umuulize alilipa kiasi gani na kwa miezi mingapi. Rekodi zisipungue 12 kwa kila daraja katika kila eneo. Kila rekodi iwe na mtaa, maji (bomba la DUWASA, kisima au boza), mita ya umeme (yake au ya kuchangia), umbali kutoka lami, na siku ambazo nyumba ilikaa tupu kabla yake. Panga bei kutoka ndogo hadi kubwa uchukue ya katikati. Wastani wa kawaida utavutwa na nyumba mbili za ghali.

Kuna ishara moja inayotangulia nyingine zote: idadi ya miezi inayodaiwa. Soko likibana, wenye nyumba hurudi kudai miezi sita au kumi na miwili. Likilegea, kabla hawajashusha kodi hukubali miezi mitatu, kisha miwili, kisha mmoja. Kodi inaweza kubaki ile ile mwaka mzima huku miezi ikipungua. Anayefuatilia kodi peke yake atasema soko liko imara, na atachelewa.

Nyumba zikipata mpangaji ndani ya siku 30 na miezi sita inakubalika, soko limebana. Zikivuka siku 90 na mwenye nyumba anapokea mwezi mmoja, kuna ziada.

## Hatua ya 10: Toa, daraja kwa daraja

Tuseme Hatua ya 8 imekupa makazi 5,000 ya masta na chumba na sebule yatakayokamilika, dhidi ya mahitaji 8,010. Pengo ni 3,010. Na nyumba nzima 8,500 dhidi ya 6,675. Ziada ni 1,825. Jiji lile lile, miaka ile ile, lina uhaba na ziada kwa pamoja. Ndiyo maana jumla moja ya mji haimsaidii mjenzi.

Palipo na pengo, ruhusu kodi kupanda juu kidogo ya mfumuko wa bei, lakini isivuke uwezo uliopata Hatua ya 7. Ikigonga hapo, watu hugawana vyumba au husogea pembezoni, kodi haiendi mbele tena. Palipo na ziada, weka kodi isiyopanda kabisa kwa miaka miwili au mitatu.

Bei ya viwanja usiikadirie kwa kodi. Watu hununua ardhi kama akiba, na jiji likipima viwanja vingi kwa mkupuo bei ya eneo inatulia hata watu wakiongezeka. Pima hivi: tuseme kiwanja na ujenzi vimekula milioni 60, na kodi ni 300,000 kwa mwezi. Kwa miezi 11 yenye mpangaji ni milioni 3.3. Toa kodi ya zuio ya serikali ya asilimia 10, yaani 330,000, na matengenezo tuseme 300,000. Inabaki 2,670,000, ambayo ni asilimia 4.45 ya fedha uliyoweka. Linganisha na riba ya hatifungani za serikali (fedha unayoikopesha serikali) za mwaka huo kabla ya kumwaga zege.

## Hatua ya 11: Andika makisio matatu, kisha yajaribu

Makisio ya chini: chukua ajira zenye uzito wa 0.7 kwenda juu tu, na kizidishi 1.5. Ya kati ni uliyofanya hapo juu. Ya juu: ongeza zenye 0.4 kama zimetimia zote, na kizidishi 2.2. Kama mradi wako unalipa kwenye makisio ya juu peke yake, usiuanze.

Kisha jaribu njia yako kwa wakati uliopita. Jifanye uko 2012, tumia takwimu zilizokuwepo wakati huo, ukadirie 2022. Utakuta umepungukiwa sana, kwa sababu uamuzi wa Julai 2016 haukuwemo kwenye takwimu yoyote. Kisha simama 2017, baada ya tangazo, ujaribu tena. Hapo, ukigeuza kaya kuwa watu, unapaswa kukaribia 765,179 kwa tofauti isiyozidi asilimia 10. Ukizidi hapo, tafuta hatua iliyopotosha. Mara nyingi ni uzito wa Hatua ya 4 au sehemu ya ajira za wenyeji kwenye Hatua ya 6.

## Hatua ya 12: Sasisha mara mbili kwa mwaka

Julai, bajeti ikishapita: rudia Hatua ya 4 na 5, futa miradi iliyokosa fedha. Januari, shule zikifunguliwa: chukua uandikishaji wa darasa la kwanza kwa kata. Kata ambayo watumishi wameleta familia huonekana hapo kabla ya takwimu nyingine yoyote. Idadi ikipanda kwa miaka miwili mfululizo Ihumwa au Nzuguni, rudisha sehemu ya mahitaji kutoka chumba masta kwenda nyumba nzima ya vyumba viwili au vitatu, na uhesabu upya Hatua ya 10 kwa kata hizo kwanza.